Vijiko Vitatu vya Bsisa

Sfax, Jumanne

Mama yangu mpenzi,

Salaam aleikum. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaipaka, au umeificha kabatini kama kawaida yako? Mimi mzima, alhamdulillahi.

Jana aliletwa hospitalini Yassine, mtoto wa miaka mitano, kavunjika mkono. Ilinibidi nimpe dawa ya usingizi ili mfupa urudishwe. Kazi yangu unaijua: mtoto akilala ameshiba anaweza kutapika, chakula kikaingia mapafuni. Nikamuuliza mama yake kama amekula. Akaapa kwa Mungu na mitume wote kwamba tangu alfajiri hajatia kitu mdomoni. Bibi yake alikuwa kitini, macho sakafuni.

Mimi viapo siviamini. Nilimpaka Yassine jeli tumboni, akacheka akisema namtekenya, nikapitisha mashine ya ultrasaundi. Lo! Tumbo limejaa tele. Nikasema hapa hapewi mtu dawa ya usingizi. Ndipo bibi akaangua kilio: alimlisha unga wa bsisa kwa mafuta ya zeituni huko koridoni, maana kwao mtoto hapelekwi kwa daktari na njaa. Mkwewe akamjia juu, eti we mama ulitaka kuniulia mwanangu! Nikamwambia anyamaze, hakuna aliyekufa. Tukangoja mpaka jioni, nikapima tena, tumbo tupu. Mfupa ukarudishwa, na Yassine akaamka akidai bsisa nyingine.

Kisha nikajifungia chooni nikalia, mama. Siku mdogo wangu Anis alipopelekwa kukatwa mafindofindo, ulitukataza kumpa chochote. Alilia njaa. Nilikuwa na miaka minane. Nikafungua mtungi wa Bibi Mabruka, mkweo, nikamlisha vijiko vitatu vya bsisa. Yaliyompata mapafuni unayajua, mwezi mzima amelazwa, tunamlilia. Ulipouona mtungi uko wazi ulimvamia bibi. Alinitazama mara moja tu, akasema ni yeye. Nami nikanyamaza. Miaka ishirini na miwili hujakanyaga kizingiti chake, na hajanitaja hata siku moja.

Ni mimi, mama. Naona aibu hata kuomba radhi, lakini naomba.

Anis nimeshampigia simu. Akasema kumbe ndiyo maana ile bsisa ilikuwa haina sukari.

Nisalimie majirani wote. Salamu za Bibi Mabruka mpelekee mwenyewe, leo, na goti hilohilo. Ni nyumba ya tatu tu.

Mwanao,
Olfa