Aliyekumbatiwa Siku ya Ruracio ya Nyakio

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Wamucii Kuria. Umri: miaka 58. Kazi: mshonaji nguo. Makao: Satellite, Nairobi.

Mnamo Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, mwendo wa saa tisa alasiri, nilikuwa nyumbani kwa kaka yangu Macharia, hapa Satellite, kwenye ruracio, sherehe ya mahari, ya bintiye Nyakio. Bwana harusi ni Oyoo, fundi wa stima wa River Road. Ni kijana mzuri, ila timu yake ya mpira, Gor, ikicheza akili humhama.

Kwa desturi yetu bibi harusi hufunikwa shuka kutoka kichwani hadi miguuni pamoja na wanawake wengine, na mwanamume amtambue. Nyakio nami kimo chetu ni kimoja, kwa hivyo nilifunikwa nikasimama kando yake. Niliona viatu tu.

Viatu vya Oyoo viliwapita wengine, vikasimama mbele ya Nyakio. Ghafla akapiga kelele, "Gooo!" akaruka, akanikumbatia mimi hadi tukaanguka kwenye nyasi. Kofia ilimtoka. Sikioni alikuwa na kidude cha kusikilizia mechi kwenye simu.

Wanawake walicheka hadi machozi. Mimi pia nilicheka, sitaficha. Tangu nifiwe na mume wangu sijakumbatiwa kwa nguvu hivyo. Nyakio peke yake hakucheka. Alijifunua akasema, "Oyoo, sikukatazi mpira. Mechi ziko kila wiki. Mimi nafunikwa mara moja tu." Roho iliniuma, maana alisema kweli.

Oyoo alizima simu mechi ikiendelea, akaniwekea mkononi. "Anti, kaa nayo hadi kesho. Nyakio, pole. Nilikuwa nishakujua, ni hizo vidole zako za miguu."

Lakini Macharia alikuwa amewaka. Alisema dadake ameshambuliwa na hakuna ndoa tena, akawaita polisi, Oyoo akaletwa hapa kituoni.

Mimi sikushambuliwa na silalamiki. Naomba arudishwe kabla nyama haijapoa. Hayo ndiyo yangu, nimeyasema kwa hiari, mbavu zikiniuma kwa kicheko.

Sahihi: Wamucii Kuria

Maoni ya afisa: Macharia ameondoa malalamiko kwa faini ya mbuzi mmoja, kulingana na desturi yao. Nikimwachilia Oyoo nilianza kumwambia matokeo ya mechi. Aliziba masikio, akauliza, "Afande, Nyakio amekula ama ananingoja?" Nilimwonyesha dirishani. Nyakio alikuwa langoni mwa kituo, bado amejitanda shuka.

Konstebo Makau