Kivuva (1964)

Jumanne, 2 Agosti 1988

Imekubaliwa! Makala yangu ya kunde imekubaliwa na jarida la Nairobi! Nimeruka ofisini mpaka kiatu kikatoka. Daktari Othman, bosi wangu hapa kituo cha utafiti, ameniambia nishuke kwanza nisome ukurasa wa pili.

Ukurasa wa pili si mbaya. Mhariri hana neno na majaribio yangu. Shida yake ni marejeleo tu, ile orodha ya watu niliowataja. Eti nimeipanga ovyo. Nirekebishe, irudi kwake kufikia Jumatatu ya tarehe 15. Marejeleo tu! Hiyo ni kazi?

Na Jumamosi tarehe 13 watu wa Musembi, mchumba wangu, wanaleta mbuzi za ntheo, zile za kunioa kimila, hapa kwetu Makueni. Mbuzi zikishapokelewa, mimi ni wao. Makala na bwana, mwezi mmoja! Aki Mungu, polepole basi.

Alhamisi, 4 Agosti

Nani alisema "tu"? Jina la ukoo kwanza, koma, herufi moja, nukta, mwaka. Jina la jarida lipigwe mstari chini. Kaboni ya taipu imetoboka. Vidole vimejaa ile rangi nyeupe ya kufutia, Mama ameniuliza kama nimeanza kupaka nyumba.

Halafu kwa alfabeti! Wazungu wametawanyika vizuri, A mpaka W. Sisi Wakamba tumejazana kwa K na M kama watu kwa kisima mwezi huu. Mbuvi, Mulei, Mulei mwingine, Muthoki, Mutua...

Na vyeo vyote vitoke. Mzee, Mchungaji, Daktari — nje! Nilikuwa nimeandika "Mzee Kiilu". Sasa ni "Kiilu", hivyo hivyo, kama namwita mtoto atoke kwa matope. Nimecheka peke yangu.

Mmoja amenishinda. Kivuva, 1964, ripoti ya mashamba ya majaribio, Nuu. Mhariri anauliza: kurasa zipi? Umeiona kwa macho yako? Kama hujaiona, itoe.

Sijaiona! Niliipata kwa makala ya mtu mwingine, na huyo pia nadhani aliipata kwa mwingine. Lakini nitaitoaje? Kivuva ndiye aliyefundisha watu wangoje mvua inyeshe ndiyo wapande kunde. Mimi naonyesha kwamba ukipanda kwa udongo mkavu, kabla ya mvua, unavuna zaidi. Makala yote ni mimi na Kivuva! Akitoka, nabishana na nani? Ukuta?

Jumamosi, 6 Agosti

Musembi amekuja kutoka Kwa Vonza, kule anafundisha. Shati mpya. Ameniletea asali. Nimempa nakala ya kwanza ya makala akaringie walimu wenzake. Tukakaa hotelini sokoni, chai na mandazi, na kwa kupiga stori nikamwambia natafuta mzee fulani wa Nuu, zamani alikuwa mtu wa kilimo. Kivuva.

Akaacha kutafuna. Kisha akacheka mpaka mwenye hoteli akaja kuangalia kuna nini. Ati, Ndinda, huyo ni tata.

Tata! Baba yake! Nimeenda kwao Nuu mara tatu, nimekula muthokoi wao, na jina la mzee sijawahi kulisikia. Mama yake humwita Baba Musembi. Watoto wote ni "tata, tata". Vyeti vya Musembi vinasema Peter Musembi, basi. Na mimi ningeuliza vipi? Kwetu msichana haulizi jina la baba mkwe. Akishaolewa halitamki mpaka aingie kaburini. Hiyo ndiyo nthoni, na hakuna cha kusoma kinachokutoa hapo.

Na mimi nimelipiga taipu kila ukurasa! Bila hata "Mzee"! "Kivuva (1964) alikosea kabisa." Kabisa!!

Nimempiga Musembi na leso. Lakini nami nimecheka, nitafanya nini?

Jumatatu, 8 Agosti

Leo nimelainisha. "Huenda labda Kivuva (1964) hakuzingatia..." Daktari Othman akauliza hii ni sayansi ama naomba chumvi kwa jirani. Nikamuuliza kama jarida litakubali "Tata (1964)". Akatoka nje. Nilimsikia akicheka mpaka kwa tangi la maji.

Musembi ameenda Nuu kuomba ripoti. Nimemwonya asiseme ni ya nini.

Mama amesema mbuzi zikirudishwa Nuu kwa sababu ya kunde, nitazila hizo kunde peke yangu maisha yangu yote. Sijui kama alikuwa anatania. Nampenda Musembi. Na hii makala naipenda pia, Mungu anisamehe, misimu yote ile juani! Sitaki kuchagua.

Jumatano, 10 Agosti

Musembi amepiga simu kituoni. Woi! Mzee alimwuliza, ripoti yangu unataka ya nini? Na Musembi hawezi kudanganya baba yake. Akampa ile nakala. Ya kwanza! Ya "kabisa"!

Alisema nini? Nikauliza. Alivaa miwani, akasoma mpaka mwisho, akaomba kalamu nyekundu. Halafu akasema ripoti ataileta mwenyewe Jumamosi.

Kalamu nyekundu!

Ijumaa, 12 Agosti

Nimesukwa. Sijala.

Jumamosi, 13 Agosti

Naandikia hapa jikoni, juu ya gunia la mahindi. Nimewaambia natafuta miwani. Sina miwani.

Wamekuja asubuhi. Mbuzi zimefungwa pale kwa ua, hazijapokelewa. Wazee wamekaa, Mchungaji ameomba, ombi refu. Baba akafungua mdomo aanze maneno ya mbuzi. Mzee akainua mkono. Akatoa bahasha kotini. Ati, kabla ya mbuzi, msichana aitwe asome pale anasema mimi nilikosea.

Baba akasema, hapana bwana, atatamkaje jina lako, na nthoni je?

Mzee akasema pole pole — nilikuwa nyuma ya mlango, nimesikia kila neno — mbuzi bado ni zangu. Kwa hivyo huyu bado si mke wa kijana wangu. Sasa hivi ni mtafiti tu, na mimi ni mtafiti. Miaka yote hii hakuna mtu alinijibu. Zikishapokelewa, hataniita jina tena. Kwa hivyo anijibu leo. Na anitaje.

Musembi ameniletea nakala yangu hapa. Nyekundu kila mahali! Kurasa amejaza: 11 mpaka 14. Mahali pa kuchapishwa amejaza. Mwezi wa mvua nilikosea, amerekebisha. Pale kwa "alikosea kabisa" hajagusa hata nukta.

Ile nyingine, ya "huenda labda", iko kwa mkoba. Mama anasema, soma hiyo ya upole, usituaibishe. Musembi je? Ananiangalia tu, na anatabasamu, huyu mtu!

Nalia au nacheka? Vyote viwili. Nimejaribu kulitamka hapa, kwa sauti ndogo. Ki— Ulimi umegoma. Mama ameziba masikio.

Baba ameita mara ya pili. Mkoba nimeuacha kwa gunia. Haya. Ki—