Sufuria ya Mama Atieno Isiondolewe

Jumanne, mtaa wa Munyaka

Eti niandike upya. Mhariri wa tovuti moja ya Nairobi anataka kuchapisha tena makala yangu kuhusu Mama Atieno, jirani yangu aliyekimbilia Kisumu wakati wa vurugu za uchaguzi. Anaogopa tovuti yake itafichwa kwenye utafutaji wa mtandaoni kwa kubeba nakala ya kitu kilichochapishwa kwingine. Anataka nitoe stori ya sufuria ili makala ionekane mpya.

Nimekataa. Hiyo sufuria, aliyoniletea na chakula, bado iko kwangu. Huku haturudishi chombo kitupu, na siku aliyokimbia nilikuwa nangoja mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu, iive nimjazie.

Mwishowe amekubali kuichapisha vile ilivyo, na kuweka kiungo kuonyesha kwamba asili iko kwa blogu yangu, ili tovuti yake isifichwe.

Mama Atieno akiisoma huko aliko, abonyeze tu hicho kiungo, atafika kwangu.

Jioni nimeweka maziwa mengine kwa kibuyu.