Gari la Baba Limetundikwa Ukutani kwa Wakala

Mpendwa Mama Doris,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na unisamehe kwa kuandika badala ya kupiga simu, mimi kuongea na mtu nisiyemjua huwa siwezi, na hata ninaowajua ni kwa shida. Nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani Kilema nasubiri kujua nitakwenda wapi.

Baba yangu ni mwenyekiti wa jumuiya yetu na mwaka jana alinunua pikapu mpya, ya kwanza mpya katika ukoo wote, ili akusanye maziwa ya majirani kila asubuhi na kuyashusha Moshi, na alipewa waranti ya miaka mitatu ambayo aliihifadhi pamoja na cheti cha ndoa. Kampuni iliyotengeneza gari inatoa pia jarida la wapenzi wa magari yake, na kwa kuwa baba hasomi ila Biblia na bei ya kahawa, jarida likawa langu na la kaka yangu Leodegar. Kila toleo lina picha za wateja wakishindana kwa magari kama letu kwenye vumbi na matope, na chini yake wameandika kwamba gari lao halikuzaliwa kukaa uani.

Leodegar akaamini. Baba na mama walipokwenda msibani mji wa Mkuu, wakalala huko, kaka alishusha madumu ya maziwa, akabandika namba mlangoni mwa gari, tukaenda kwenye mashindano ya wapenzi tu, siyo ya wanaolipwa, kwenye njia za vumbi huko tambarare chini ya Himo. Walitaka kila dereva awe na mtu wa pembeni wa kumsomea kona, na hakuna aliyekubali kukaa na Leodegar, nikakaa mimi. "Soma kwa nguvu, injini inakumeza," aliniambia, nikasoma kwa nguvu mpaka sauti yangu ikanishtua. Tukawa wa saba kati ya tisa. Tuliosha gari tukarudi nyumbani, na mimi nikaandika habari fupi nikaituma kwa jarida pamoja na picha aliyotupiga rafiki wa kaka, sikutegemea kitu, wakaichapisha ukurasa mzima na jina langu chini yake, kisha wakatutumia kofia ya zawadi. Baba alidhani ni kofia ya wateja waaminifu. Anaivaa hata kwenda jumuiya.

Sasa giaboksi imekufa. Gari lilivutwa mpaka kwa wakala Moshi, nikaenda na baba, na wakati anaongea na mafundi nikasoma karatasi ya waranti, imeandikwa kwamba haihusu gari lililoingizwa kwenye mashindano ya aina yoyote. Nikainua macho nikaona ukurasa wetu umewekwa kwenye fremu ukutani, magurudumu ya pikapu ya baba hayagusi ardhi, namba za usajili zinasomeka. Nilikaa kwenye kiti kilicho chini yake, nikanyoosha shingo ili kichwa changu kiifiche picha mpaka tulipoondoka. Meneja alimuuliza baba kama gari limewahi kushindanishwa, baba akacheka. "Kijana wangu, hilo linajua njia mbili tu, ya maziwa na ya kanisani." Wakamwambia arudi Jumatano aseme hivyo kwa maandishi na kuweka sahihi.

Leodegar anasema ninyamaze, eti kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza. Nilishindwa kumwambia baba kwa mdomo, basi nikafanya kama wazee wetu wanavyoomba msamaha, nikachuma jani la isale, nikalifunga kwenye mlango wa chumba chake alfajiri bila kusema neno. Baba alipoliona akajua kuna jirani aliyemkosea, maana nyumbani hajui kosa lolote, akaanza kuzunguka kihamba kwa kihamba, yaani kila shamba la nyumbani kwa jirani, akiwasamehe watu. Mpaka sasa amewasamehe watatu. Wawili wamekiri, mmoja alikuwa anakata majani ya ng'ombe kwenye kihamba chetu na mwingine alikuwa anageuza maji ya mfereji siku ya zamu yetu. Baba ana furaha kuliko nilivyowahi kumwona. Mimi ndiye sijasamehewa.

Maziwa yanashushwa kwa bodaboda na mengine yanachacha njiani. Na giaboksi ilianza kulia kabla ya mashindano, baba mwenyewe alilalamika, fundi wa wakala akasema gari jipya lazima lizoee mlima. Lakini nikisema ukweli waranti inakufa, nikinyamaza baba anaweka sahihi kwenye uongo, tena chini ya picha ya gari lake. Nifanye nini? Jina langu naomba lisitajwe.

Binti wa Kilema

*

Marahaba, mwanangu. Jina lako nimelificha. Laiti na jarida lingefanya hivyo.

Pole kwanza. Ulisoma maneno ya kampuni ukayaamini, na si wewe wa kwanza. Lakini ujue mapema: jarida linaandikwa na watu wa kuuza, waranti inaandikwa na watu wa kulipa, na hao hawanywi chai meza moja. Anayekusifu kwa kuruka matuta siye atakayekununulia giaboksi.

Sasa nikugombeze. Isale haifungwi mlangoni kama tangazo la mnada. Hubebwa mkononi, na nyuma ya jani husimama mwenye kosa, au mzee wa kumsemea. Wewe ulituma jani peke yake, likaenda kuwaombea majirani. Hao wawili waache walivyo, usiwarudishie dhambi zao.

Gazeti hili linatoka Jumapili na umesema baba yako hasomi ila Biblia na bei ya kahawa, kwa hiyo muda bado upo. Leo jioni chuma isale nyingine. Abebe Leodegar, kwa sababu ndiye aliyeshika usukani. Useme wewe, kwa sababu yeye ataanza kusimulia kona. Mwambie baba kwamba mlilipeleka gari mashindanoni, kwamba wewe uliandika, na kwamba picha iko ukutani. Usilie kabla ya kumaliza. Atakasirika, na ana haki. Heri akasirike jikoni kwake kuliko aumbuke ofisini kwa watu. Isale hataikataa, mtu aliyesamehe mtaa mzima hawezi kuishia mlangoni kwake.

Jumatano nendeni wote. Baba aseme ukweli kabla ya kuulizwa, wala asiweke sahihi kwenye jambo asiloliona. Kisha aombe giaboksi ifunguliwe na waandike kilichoiua: ni mchana mmoja wa vumbi, au ni ule mlio ambao fundi wao aliusikia akaupuuza? Awaulize pia kwa nini wanatundika ukutani kile wanachokataza kwenye karatasi. Wanaweza kukataa. Wakikataa, Leodegar ndiye atakayeshusha madumu kila alfajiri mpaka pikapu itembee, na asisikike akinung'unika.

Unasema kuongea huwezi. Msichana aliyesoma kona kwa sauti kuliko injini hawezi kushindwa na jiko la kwao. Na Jumatano, kabla hamjaingia kwa meneja, mwombe baba avue ile kofia.