Regyuleta ya Miguu Mitatu

Mtoni, Temeke
9 Juni

Kwa kaka Muntasir,

Assalaam aleikum. Shikamoo. Naiandika kwa sababu Mama, Mungu amrehemu, alitufunza hivyo, si kwa sababu naona unaistahili. Natumai wewe, wifi Farida na watoto huko Madale mu wazima. Mie mzima. Baba anaendelea, malengelenge ya shingoni yamekauka, ngozi mpya inatoka. Nakueleza kwa kuwa hujapiga simu kumuulizia hata mara moja, ingawa simu za kunisema kwa ndugu umepiga za kutosha. Shangazi Nunu amenisimulia zote.

Kumbe umewaambia kwamba ule mkono wa mashine wa kumlisha Baba ulimuunguza kwa sababu programu yangu ilikuwa mbovu. Umesema mie mwalimu wa fizikia nibaki na chaki zangu. Haya, leo utanisoma mpaka mwisho, maana kwenye simu huniachi nimalize hata sentensi moja.

Tangu Baba aanze kutetemeka mikono, mie ndiye ninayemuona anavyoona haya kulishwa. Nilikaa miezi minne nikiunda mkono ule, mota nne za servo, zile zinazogeuka kwa kipimo, na bodi ndogo ya kuziongoza. Nilikuja dukani kwako Buguruni kutafuta kitu kimoja tu: regyuleta ya kushusha umeme wa betri kutoka volti kumi na mbili hadi sita. Nilikuambia mota moja ikikwama inavuta karibu ampia mbili, kwa hiyo zote nne zinataka regyuleta kubwa, ya aina isiyopata moto ovyo, na bodi nayo ipewe umeme wake peke yake. Ukacheka mbele ya wateja. Ukanipa ile ndogo ya miguu mitatu, ya ampia moja, ukasema unauza vitu hivyo tangu mie navaa sare ya shule, na kwamba nikiifungia kipande cha bati cha kuipoza itabeba hata winchi ya bandarini. Nilipobisha, ukasema kama sitaki chako nisikanyage tena hapo. Nikaichukua, nikaifunga.

Halafu siku ya karamu kwako ukasimama mbele ya ndugu wote, ukasema, "Nimemtengenezea Baba mkono." Nimemtengenezea! Mie nilikuwa nyuma yako nimeshika betri.

Yaliyofuata uliyaona. Vijiko viwili vya kwanza vilikwenda vizuri, watu wakapiga makofi. Cha tatu Baba alikibana kwa meno, mota zikakaza, regyuleta ikazidiwa, umeme ukaanguka, bodi ikazima na kuwaka upya. Bodi ikiwaka upya, mota zote zinarudi zilikoanzia kwa kishindo. Mkono ukaruka, ukapiga bakuli, uji wa moto ukammwagikia Baba shingoni. Programu haikuwa na kosa lolote. Ni regyuleta yako. Na ulipoigusa ikakuunguza kidole. Nilikuona ukikificha mfukoni.

Sasa soma lililobaki, ambalo ndugu hawalijui.

Siku tatu kabla ya karamu niliujaribu mkono hapa nyumbani. Nilikifunga kijiko kwa kamba kisisogee, kama mtu amekiuma. Katika mara saba, bodi ilizima mara tano. Nikaenda kwa fundi mmoja anaitwa Adelard, nikanunua regyuleta niliyoitaka tangu mwanzo. Siku ya karamu ilikuwa mkobani mwangu, nyaya zake zimeshaungwa, ilitaka dakika kumi tu. Sikuifunga. Nilitaka mkono ukwame mbele ya watu, wewe uulizwe, ukose jibu, uumbuke. Nilikuwa nimeshaona jinsi mkono unavyoruka, Muntasir. Nikajidanganya kwamba siku hiyo utakwama tu bila kuruka.

Jana nilimwambia Baba. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Aligeukia ukutani, akasema, "Nyie mlikuwa mnagombana, mie ndo mkanifanya uwanja." Baadaye akaniuliza kama mkono umeshafungwa kifaa kinachofaa. Nikasema ndiyo, vijiko mia mbili vimepita bila bodi kuzima. Akasema hawezi kuamini maneno ya mtoto wake yeyote kwa sasa. Anataka Jumamosi asubuhi mie na wewe tukae hapa nyumbani kwenye kiti chake cha kulishiwa, mmoja baada ya mwingine, tulishwe na mkono uji wa moto mbele yake mpaka bakuli liishe. Ndipo atakapokaa yeye. Wa kwanza ni wewe, kwa kuwa ndiye mkubwa.

Sijakusamehe, wala sikuombi unisamehe. Vaa kanzu usiyoionea uchungu, na uwahi, Baba hapendi kusubiri.

Msalimie wifi Farida, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Wao sina ugomvi nao.

Ni mimi nduguyo,
Khulud