Radi ya Mshtarii

Shangazi yangu uliyeko Kihesa,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatisha. Barua huwezi kuibishia mpaka uimalize.

Unakumbuka mvua zilipokuwa zikianza kunguruma hapa kwetu, milimani Mbeya? Ulikuwa unafunika kioo kwa khanga, unatukataza kushika sufuria, halafu unajibana katikati yetu watoto huku umening'ang'ania mkono. Tulikuwa tunakucheka. Mwoga wa radi kama wewe sijamwona. Ndiyo maana roho iliniuma radi ilipoua ng'ombe wa jirani uliyekuwa umegombana naye kuhusu mpaka wa shamba, na watu wakasema wewe ndiye uliyeituma. Baba, kaka yako wa tumbo moja, akakaa kimya. Ukafunga mizigo. Ulipofika Igawa, njiani kuhamia Kihesa, ulinipigia: "Usimgombeze baba yako. Na yeye anaogopa." Nimekuheshimu, sijamgombeza, ingawa ulimi uliniwasha.

Sasa sikia. Juzi nilikuwa naandaa somo la sayari kwa wanafunzi wangu, nikamwonyesha Baba kwenye simu picha za chombo cha anga kilichopita karibu na Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote zinazolizunguka jua. Kilipiga picha mawingu na dhoruba zake, na antena zake zikanasa mawimbi ya radi. Nikamsikilizisha radi hiyo ikiwa imegeuzwa kuwa sauti. Inapasuka kama bisi kwenye sufuria. Nikamweleza kuwa inatoka kwenye mawingu yenye maji, kama huku kwetu.

"Huko kuna watu?" akauliza.

"Hamna, Baba. Hata pa kukanyaga hamna."

"Sasa hiyo radi nani kaituma?"

Akaomba nirudie, akasikiliza tena ameinamisha kichwa, kisha akatoka nje bila kumaliza chai.

Jumamosi nilimkuta kwenye nyumba yako anafyeka majani yaliyoziba mlango. Yule jirani alikuwa anapita, akasimama kumuuliza anamfyekea nani. Baba alinyooka, akajibu kwa sauti ambayo hata waliokuwa barabarani waliisikia:

"Namfyekea dada yangu. Hapa ni kwake, na hakumtumia mtu radi."

Kukupigia simu bado anaona aibu. Mimi nimekukumbuka mno, Shangazi. Njoo, hata kama unakuja kumsema.

Ni mimi,
binti wa kaka yako