Doa la Nyuma ya Sikio

3 Machi

Mke wangu mdogo,

Salamu nyingi. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo limeamua kustaafu kabla yangu. Wewe hujambo? Na kichwa je? Nauliza kichwa kwa sababu mama yako alipita hapa juzi, akasema dawa ya nywele imekuunguza, na sasa wiki ya pili unakwenda kazini umejifunga kitambaa, ukiulizwa unasema mafua. Mafua ya nywele! Miaka arobaini nimekuwa kinyozi, sijapata kuyasikia.

Zikate zote. Ziache ziote zilivyozaliwa. Nywele za ukoo wetu nazijua, kipilipili kizito, chanuo likitaka kuingia linapiga hodi. Marehemu bibi yako alikuwa nazo, na ndizo zilizoniponza.

Jibu upesi, nisije nikaoa mwingine.

Mumeo wa kale,
Babu

11 Machi

Shikamoo Babu,

Natumaini goti limepata akili. Mimi ni mzima, ila huko juu tu. Vidonda vinne, kila asubuhi foronya inaning'ang'ania.

Kukata nataka, Babu. Tangu mwaka jana nataka. Lakini umesahau lile doa la nyuma ya sikio la kushoto, ile choa ya utotoni? Lina upana wa kifungo cha koti na halioti kitu. Nywele zikinyooka nazilaza juu yake, hakuna anayejua. Nikikata, kila mgonjwa anayekuja dirishani kwangu pale hospitali ataanza kujikuna. Na tarehe 28 nina usaili wa ukuu wa mapokezi. Tumebaki wawili, mimi na dada mmoja ambaye hata kucha zake zinang'aa.

Basi nimeamua naweka dawa mara moja ya mwisho, Jumamosi tarehe 25, vidonda vipone visipone. Usinikasirikie.

Mjukuu wako

16 Machi

Mke wangu,

Salamu ni zile zile. Goti usiliulize. Leo sina utani mwingi, kaa chini usome.

Usiweke hiyo dawa. Na ile haikuwa choa.

Ulikuwa na miaka mitatu. Mama yako alikwenda mafunzo ya kazi wiki mbili, akakuacha kwangu. Asubuhi ya kwanza nikashika chanuo, ukalia mpaka majirani wakatoka nje. Ya pili hivyo hivyo. Mimi, niliyenyoa wanaume wenye ndevu kama brashi ya viatu, nikashindwa na kichwa kidogo kama chungwa! Siku ya tano nikanunua boksi la dawa ya kulainisha. Lilikuwa na maandishi mengi, lakini shule niliishia darasa la nne nikaona imetosha, nikatazama picha. Nikakupaka kama nilivyokuwa nikipaka povu la ndevu: unaliacha lilainishe mpaka mteja mwenyewe aseme basi. Maisha yangu yote mteja ndiye alikuwa saa yangu.

Ukalia. Lakini wewe ulikuwa unalia kila ukiguswa kichwa! Nikadhani ni kilio cha kila siku. Nikakuimbia, nikakutania. Nilipokuosha, ngozi ya hapo nyuma ya sikio ikaja na maji.

Mama yako aliporudi nikamwambia ni choa, nimeitibu. Akanishukuru. Hebu fikiria, akanishukuru! Mpaka leo hajui.

Kichwa chako hakina kasoro. Hilo doa ni langu, na kama kuna wa kulificha basi ni mimi.

Babu

2 Aprili

Mke wangu, kama bado,

Hujambo? Goti limepona, jambo linalonitia wasiwasi. Simu yako inaita mpaka inachoka. Usaili umepita siku tano sasa. Nikimuuliza mama yako anasema tu, "Yupo." Yupo vipi? Ana nywele, hana? Sina haki ya kuuliza, nauliza hivyo hivyo. Ukitaka kunitukana andika kwa herufi kubwa, macho yangu nayo yameanza maringo.

Babu

9 Aprili

Shikamoo Babu,

Mimi sijambo. Nilikasirika mpaka nikaamua kuweka dawa kwa kukukomoa. Jumamosi ile nikakaa kwenye kiti cha saloni, fundi ameshavaa glavu. Akanifunua sikio. "Dada, hapa uliungua na dawa lini?" Hakuuliza choa, Babu. Alijua kwa kutazama tu.

"Nikiwa na miaka mitatu."

"Na bado unaitaka?"

Nikamwambia avue glavu, alete mkasi.

Kwenye usaili mganga mkuu alinitazama kichwa, akatazama sikio, nami nikageuza shingo atazame vizuri. "Ajali?" "Dawa ya nywele, daktari. Babu yangu kinyozi." Wasaili wote watatu wakangoja nione aibu. Mimi nikangoja swali linalofuata. Barua imetoka juzi Ijumaa, ukuu ni wangu. Dada wa kucha ananiita bosi, huku ameuma meno.

Nywele ni fupi kama zulia. Maji, mafuta kidogo, nimemaliza. Siku hizi nafika kazini kabla ya mlinzi. Vidonda vimekauka, nalala upande ninaoutaka.

Hasira iliyobaki ni kidogo, nitaimaliza mwenyewe. Nimekusamehe. Ila Mama nimemwambia. Akaomba niirudie ile sehemu alipokushukuru. Nikairudia.

Anakuja kwako Jumapili ijayo, basi la kwanza. Hajasema anafuata nini. Nilipomuuliza kama atakupelekea salamu zangu, akasema nikuandikie mwenyewe, yeye safari hii mikono yake itakuwa na kazi kwenye sikio lako.

Mkeo, bado